Barua kwa mwanangu aendaye Ballyhaunis, Ireland

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, nakuandikia na hali tuko nyumba moja na begi lako limesimama ukumbini, kwa sababu nikikwambia kwa mdomo unajibu "ndio mama" kisha unaingia chumbani. Barua huwezi kuifungia mlango. Isome ndegeni.

Neno langu ni moja: ujulikane. Jirani wa mlango wa pili akujue jina. Mwenye duka akujue jina. Imamu akujue jina lako na la marehemu babako, na ajue umetoka Mombasa. Usicheke. Wewe unaweza kukaa mtaa mmoja miaka mitano na watu wakabaki kukuita "yule mrefu".

Nimemsumbua dada yako anisomee habari za huo mji mpaka akaniambia bando limekwisha. Nilidhani unakwenda porini. Kumbe treni ya kutoka Dublin kwenda Westport inasimama hapo hapo, na msikiti upo tangu 1987. Mambo yalianza na Mpakistani mmoja, Sher Rafique, aliyekwenda miaka ya sabini akafungua machinjio ya halali, nyama ikawa inauzwa ng'ambo. Wenzake wakamfuata, wakazaa, wakazika. Sensa ya 2011 ilipofanywa, hakuna mji Ireland nzima uliokuwa na sehemu kubwa ya wageni kama huo: 42 katika kila watu 100, na mji wenyewe watu elfu mbili na kitu. Kwa hiyo usiniambie "mama, mimi mgeni". Huko mgeni si kioja.

Wenyeji ni Wakatoliki, na Knock iko karibu, ambako mwaka 1879 wanakijiji walisema wamemwona Bibi Maryamu penye ukuta wa kanisa, na mahujaji hawajakatika mpaka leo. Padri wao, James Horan, akashikilia kujenga uwanja wa ndege juu ya kilima cha matope na ukungu, wakubwa wa Dublin wakimcheka. Ukafunguliwa 1986, na ndege zinatua. Padri huyo angekuwa wa kwetu tungemfanya gavana. Watu wakienda ibada zao, wewe kuwa na adabu, na wakikuuliza za kwako, jibu kwa ukamilifu, si kwa kichwa tu.

Lakini kilichonikaa ni redio. Kuna Midwest Radio, kituo chake ni hapo hapo Ballyhaunis, na hutangaza vifo. Fulani wa mahali fulani amefariki, maiti atalazwa wapi, mazishi saa ngapi. Watu wakisikia huenda, hata ambao walimjua marehemu kwa mbali tu, wanapanga foleni kuwapa mkono wafiwa, kisha chai. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akitunyamazisha wakati wa matangazo ya vifo redioni, basi ni hayo hayo. Sasa niambie, mtu ambaye jina lake halijulikani hutangazwaje? Ya mjomba wako kule Uarabuni unayajua, siyarudii. Nasema tu kwamba mwenye nyumba wake alikuwa akichukua kodi kila mwezi na hakujua hata anaitwa nani.

Nimeziona picha za Dublin za Novemba 2023, mabasi yakiungua, watu wakipiga kelele dhidi ya wageni. Dada yako anasema Dublin ni mbali, ni upande wa pili wa nchi, na kwamba Ballaghaderreen, mji wa jirani na huo wako, mwaka 2017 uliwapokea wakimbizi wa Syria katika hoteli iliyokuwa imefungwa, wenyeji wenyewe wakajitolea kuwasaidia. Nimemwelewa. Lakini picha ya basi linaloungua haitoki machoni kwa kuambiwa kilomita. Usitembee peke yako usiku. Desemba huko saa kumi na nusu jua limeshazama, Magharibi inaswaliwa saa ambayo sisi kwetu huwa tungali sokoni, kwa hiyo huo usiku wao ni mrefu na zamu zako zitauangukia tu. Tafuta wa kuandamana naye. Na huwezi kuandamana na mtu usiyemjua, unaona tunarudi pale pale.

Ulicheza mpira wa magongo shuleni, na kikombe bado kiko juu ya kabati. Mayo, jimbo ulimo mji huo, ni la kandanda yao ya kushika kwa mikono, lakini Ballyhaunis wameng'ang'ania hurling, mchezo wa fimbo. Keith Higgins, aliyesifika kote kwa kandanda ya Mayo, ni mtoto wa hapo na aliichezea Mayo michezo yote miwili. Watoto wa hao Wapakistani nao wanashika fimbo. Nenda uwanjani hata kama ni kubeba maji tu. Lakini vaa kofia ya chuma, mchezo wao hauna huruma.

Na hao wenyeji wasikutishe, nao wanajua kuondoka kwao. Njaa ya viazi ilipoingia 1845, Mayo ilikuwa na watu karibu 389,000 kwa hesabu ya 1841. Ilipohesabiwa tena 1851 walikuwa chini ya 275,000. Waliobaki, wanaume wa Mayo mashariki wakawa kila mwaka wanavuka bahari kwenda kuvuna mashamba ya Waingereza na kurudi na kodi ya shamba. Mzee yeyote utakayemkuta kwenye benchi ana ndugu aliyeondoka. Muulize. Atakuambia, kisha atakuuliza wewe jina.

Kuhusu kazi yako ya kiwanda cha nyama, mkono wako wa kisu nausifu mbele za watu, hata kama wewe hujawahi kunisikia. Ila bucha la Majengo si kiwanda. Kule ni baridi siku nzima na mnyama mmoja baada ya mwingine. Wakati wa korona viwanda vya nyama vya Ireland viliugua sana, watu wamelala wengi chumba kimoja. Ukiugua sema. Kibali chako kwa mwanzo kimefungwa kwa mwajiri mmoja, kwa hiyo piga picha mkataba ututumie, na uliza habari za SIPTU, ndicho chama cha wafanyakazi. Pesa alizokula wakala usizifikirie tena, mimi ndiye nitakayeendelea kuzifikiria.

Ami yako anasema nilikulea ndani ya geti na sasa nashangaa hujui kusalimia. Na aseme. Wakati ule barabara yetu ilikuwa na mambo yake, na yeye watoto wake wako wapi leo? Lakini wewe salimia.

Nimekutilia pilipili ya kusaga na mkebe wa bizari. Usiwape wenzako wote wiki ya kwanza. Ile nguo ya baridi ya kuazima, mwenyewe ameshaiuliza mara mbili, ukifika nunua yako na ile mrudishie kwa yeyote anayerudi. Dawa zangu za presha zipo, usipige simu kuuliza dawa, piga kuniambia jirani anaitwa nani.

Fundi wa tenki amekuja, anataka pesa zote kabla. Usimpe. Mwachie dada yako nusu, nyingine tumlipe tenki likiacha kuvuja. Na ufunguo wa stoo uko kwenye suruali yako ya jinzi, utoe kabla hujaondoka, mkaa wote umo humo.

Mamako