Mwoka mikate naye ana lake

Tanga, Jumapili usiku

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua ndiyo haitaki kutuachia nguo zikauke.

Uliniuliza siku hizi nasoma nini. Nasoma hadithi fupi fupi za Karel Čapek, yule Mcheki wa tamthilia ya maroboti ya 1920. Alifariki Desemba 1938, na hadithi hizi zikatoka kama kitabu mwaka 1945. Nimezipata kwa Kiingereza. Mchezo wake ni huu: anachukua kisa tunachokijua tangu Shule ya Jumapili au darasa la fasihi, halafu anamwachia aseme mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza.

Chukua kile kisa cha Yesu, cha mikate mitano na samaki wawili. Humu anayezungumza ni mwoka mikate, analalamika kwa jirani yake. Mahubiri hana ugomvi nayo, hata uponyaji anaukubali. Lakini kulisha watu elfu tano bure! Yeye unga ananunua, kuni ananunua, vibarua anawalipa. Atashindana vipi na mtu asiye na gharama? Nilicheka mpaka Shangazi akaja kuchungulia mlangoni. Nikamsomea. Hakucheka hata kidogo. Si unajua anauza maandazi? Akasema, "Huyo baba asilaumiwe." Halafu akataka kujua wale watu elfu tano kesho yake walikula kwa nani.

Ya Prometheus, yule wa visa vya Kigiriki aliyewapa binadamu moto, pia usiiruke. Waheshimiwa waliomhukumu kwa sababu ya moto wanabishana weee, kosa lake hasa liwe lipi. Kesi ikiisha, mmoja wao yuko nyumbani anatafuna paja la kondoo la kuchoma. Sasa ndiyo anauona moto una faida. Tena anagundua kwamba nyama ikitiwa chumvi na kusuguliwa kitunguu saumu inanoga zaidi, na anajisifu kuwa huo ndio uvumbuzi, Prometheus asingeuweza!

Ya Romeo na Juliet haikunikolea sana. Padri mmoja anasimulia kuwa Juliet hakufa, aliolewa na Paris, yule mchumba aliyetakiwa na wazazi, wakajaliwa watoto wanane. Utani ni huo mmoja, ukishaujua basi.

Sasa sikia, shoga yangu. Mwenye mkono wa hadithi ni wewe. Kile kisa cha kima na papa, kila mtu anamshangilia kima kwa kusema moyo wake ameuacha mtini. Na papa je? Katumwa moyo, mfalme wake mgonjwa anausubiri, naye anarudi mtupu na maneno ya kwamba makima huacha mioyo juu ya miti. Aliyasemaje hayo mbele ya baraza? Nani alimwamini? Mke wake alimwambia nini usiku ule?

Niandikie. Kurasa mbili zinatosha. Nitamsomea Shangazi tuone atamtetea nani.

Wako,
Anna