Kisomo cha tungo za wanawake, Alhamisi

Assalamu alaykum mama zetu na dada zangu. Kisomo chetu ni Alhamisi hii baada ya Isha, mtaani Langoni, uani pale pa siku zote.

Tutaanza na Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, hali yu mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa beti zaidi ya 100, na mpaka leo nyanya zetu wanao kifuani. Naomba usomwe kwa mahadhi yake, bila haraka. Juzi ulipokuwa ukisomwa, bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili aliacha mkono hewani, midomo ikifuata ubeti kwa ubeti. Mimi nilitokwa na machozi.

Kisha nyimbo za Siti binti Saad wa Unguja, aliyevuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri.

Tumalize kwa vugo, ngoma yetu wanawake ya kugonga pembe. Pembe tunazo nne, na moja imepasuka ncha, haitoi mlio; aliye na pembe nyumbani aje nayo tafadhali.

Wasichana wenye tungo zao, leteni, hata ubeti mmoja. Hao ndio ninaowasubiri zaidi. Andikeni majina hapa kabla ya Jumatano nipange zamu. Kahawa na kaimati ziko kwangu.