Skripti inayosema "Imekamilika" bila kuuliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wanaoandika programu hapa Kigoma na wenzao wa Tabora, hasa wale wanaotunza mifumo ya ofisi, zahanati na vyama vya ushirika kwa skripti (faili za amri zinazofuatana) zinazojiendesha usiku. Nyingi kati ya skripti hizo huita Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, kisha mwishoni huandika "Imekamilika". Mstari huo ni echo tu, amri ya kuandika maneno kwenye skrini. Utaandikwa hata kama intaneti ilikatika katikati ya git push (amri ya kupeleka kazi kwenye seva) na hakuna faili hata moja lililofika kwenye seva.

Kila amri inapomaliza humwachia aliyeiita namba, kuanzia 0 hadi 255. Sifuri maana yake salama. Kwenye bash, programu inayoendesha skripti hizi, namba hiyo husomwa katika $?, lakini amri inayofuata huifuta: ukitanguliza echo, unachosoma ni matokeo ya echo. Basi ama andika "if git push; then", ama ihifadhi papo hapo kwa "matokeo=$?".

Wengi badala yake hutafuta neno "error" katika maandishi yanayotokea. Maandishi hayo hubadilika kwa toleo la Git na kwa lugha iliyowekwa kwenye mashine. Wengine huhesabu chochote kilichopita mkondo wa makosa (stderr) kuwa ni hitilafu, na hapo wanakosea zaidi, kwa kuwa git push na git fetch (ya kuleta kazi kutoka kwenye seva) hupeleka taarifa zao za kawaida kwenye mkondo huohuo hata mambo yakienda sawa. Kama ni lazima skripti isome maandishi, tumia "git status --porcelain", ambayo mpangilio wake umewekwa usibadilike kati ya matoleo.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni namba 1, maana si kila mara ni kosa. Katika git grep ni kwamba neno halikupatikana. Katika "git merge-base --is-ancestor" ni jibu la "hapana". Katika git merge, inayounganisha kazi mbili, mara nyingi ni mgongano wa mabadiliko unaomsubiri mtu autatue. Git commit nayo hutoa 1 pasipo na kitu kipya cha kuhifadhi, na hapo skripti ya usiku hulia bure kila siku ambayo hakuna aliyefanya kazi, hadi wahusika wanazoea kelele na kuacha kuzisoma. Hitilafu kubwa, kama kukosa hifadhi ya Git (repository) au kushindwa kuifikia seva, kwa kawaida hutoa 128. Chaguo lililoandikwa vibaya hutoa 129.

Kwa hiyo usiishie kwenye "imefaulu" na "imeshindwa" peke yake. Baada ya "git add -A", inayoandaa mabadiliko yote kwa commit (kuyahifadhi), endesha "git diff --cached --quiet", kisha weka case yenye milango mitatu: 0, hakuna jipya, maliza kwa amani; 1, yapo mabadiliko, fanya commit; namba nyingine yoyote, simama na utoe taarifa. Bila --cached, amri hiyo haiangalii yale uliyokwisha kuyaongeza kwa add, nayo itakwambia hakuna jipya wakati lipo.

Paipu, alama | inayopeleka maandishi ya amri moja kwenye nyingine, nayo huficha mengi. Ukiandika "git push 2>&1 | tee usiku.log", matokeo unayopata ni ya tee (inayonakili maandishi kwenye faili), na tee haijali push imekwendaje. Weka "set -o pipefail" juu ya skripti, ili kosa la amri yoyote ndani ya paipu lionekane. Ukishaiweka, epuka "git log | head -1", kwa sababu head ikifunga mapema Git inaweza kukatwa na kutoa 141. Andika "git log -1". Na wanaotegemea "set -e", inayosimamisha skripti amri ikishindwa, wajue kwamba haifanyi kazi ndani ya sharti la if, wala haioni kosa lililo ndani ya "local tawi=$(git rev-parse HEAD)", kwa kuwa matokeo yanayohesabiwa ni ya local, neno linalotangaza kigezo cha ndani. Tangaza kwanza, jaza thamani mstari wa pili.

Kwa intaneti yetu inayoyumba, weka "GIT_TERMINAL_PROMPT=0" ili Git isikae ikisubiri nywila ambayo hakuna wa kuiandika, na "timeout 300 git push" ili ikatwe baada ya dakika 5; ikikatwa utapata 124. Umeme ukizimika wakati Git inaandika, faili la index.lock, kufuli ya Git, linaweza kubaki na amri zinazofuata zikatoa 128. Nasihi sana: usiweke "rm -f" ya faili hilo mwanzoni mwa skripti. Huenda ni kufuli ya Git nyingine inayoendelea na kazi. Hakikisha kwanza hakuna Git inayoendelea, kisha lifute kwa mkono.

Wanaotumia Mercurial, mfumo mwingine kama Git, watazame 255 kwa hitilafu. Wa Subversion (svn), nao pia mfumo wa aina hiyo, wasiridhike na sifuri ya svn update, kwani hutolewa hata kukiwa na mgongano. Waangalie herufi C katika svn status.

Mwisho wa skripti weka "exit" yenye namba uliyohifadhi, na utume ujumbe mwenyewe, kwa kuwa cron ya kawaida, inayoendesha skripti kwa ratiba, haimwarifu mtu kwa sababu ya namba hiyo. Kisha ijaribu kwa makusudi: kwenye nakala ya majaribio, elekeza origin (jina la seva ya mbali katika Git) kwenye njia isiyokuwepo, "git remote set-url origin /hakuna", weka badiliko moja dogo, uendeshe skripti. Ikiandika "Imekamilika", usiiache iende usiku wa leo kabla hujairekebisha.

Msomaji wako,
Mwandishi wa programu,
Ujiji, Kigoma