Mtoto mchanga amekosa nini?

Mhariri,

Huku Lindi na Mtwara, Waislamu na Wakristo tunapakana ua, na swali moja haliishi barazani: mtoto wa wiki moja amekosa nini hata abatizwe kwa ondoleo la dhambi? Muislamu husema mtoto huzaliwa katika fitra, yaani hali safi ya maumbile. Mkristo hukimbilia kujibu kwamba “sote tulitenda dhambi ndani ya Adamu”. Jibu hilo linapotosha, na linawachanganya hata wakatekumeni wetu, wanaojiandaa kubatizwa.

Fungua Warumi 5:12. Biblia yetu ya Kiswahili inasema mauti iliwafikia watu wote “kwa sababu wote wamefanya dhambi”, na wataalamu wengi wa Kigiriki husoma vivyo hivyo. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alitumia tafsiri ya Kilatini yenye maneno in quo, akayaelewa kuwa “ambaye ndani yake” wote walifanya dhambi. Maneno mawili tu, lakini maana imehama kabisa.

Hata hivyo si haki kusema alibuni fundisho zima kwa kosa la tafsiri. Miaka mia moja hivi kabla hajazaliwa, karibu mwaka 253, Cyprian, askofu wa Carthage, na maaskofu wenzake 66 waliamua mtoto asisubirishwe ubatizo hadi siku ya nane. Barua yao inasema dhambi anazoondolewa si zake, ni za mwingine. Hayo maneno “si zake” ndiyo ya kushika.

Pelagius, mwalimu wa dini aliyebishana na Augustino, naye husimuliwa vibaya. Hakupinga watoto kubatizwa, wala hakulikana neno neema. Tatizo ni alikoiweka: katika hiari tuliyoumbwa nayo, katika sheria, katika mfano wa Kristo na msamaha wa makosa yaliyopita. Augustino akauliza, je, nia yenyewe iliyopinda inanyooshwa na nani? Kwenye sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Diospolis, Palestina, Desemba 415, washitaki wa Pelagius hawakufika, naye akajitenga na maneno ya mfuasi wake Caelestius, basi akaachiwa. Maaskofu wa Afrika waliokutana Carthage tarehe 1 Mei 418 walibana zaidi: neema haiji kuturahisishia tu jambo ambalo tungeliweza bila hiyo. Kwangu mimi hoja nzito kuliko zote katika ugomvi huo ni hiyo, kuliko hata ile ya Adamu.

Wala Kanisa halikumeza kila neno la Augustino. Mtaguso wa Orange, kusini mwa Ufaransa, mwaka 529, ulikubali kwamba hata mwanzo wa imani ni kazi ya neema, lakini ukalaani wazo kwamba Mungu amewapangia watu fulani uovu.

Kwa walimu wa katekisimu: tenganisheni urithi wa mauti, udhaifu wa nia, na kukosa utakatifu wa asili. Kisha someni namba 404 na 405 za Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Zinasema “dhambi” hapa ni neno la mlinganisho, na kwamba hakuna mzao wa Adamu anayehesabiwa kosa binafsi. Mkiulizwa barazani anzeni hapo, Warumi ifuate.

Mwalimu wa dini,
Masasi, Mtwara