Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Lamu: rejesta ya Januari haitoshi

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzazi wa mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, katika kituo cha umma kisiwani Pate, na ni mwanakamati wa wazazi. Nakuandikia kabla hujagawa walimu wa mwaka ujao.

Januari ni msimu wa upepo wa kaskazi. Bahari imetulia, wavuvi wako dago, yaani kambi za uvuvi mbali na nyumbani, na wake zao wengi huhamia kwa wazazi wao, Faza au Amu (mji wa Lamu), pamoja na watoto. Mikeka darasani hubaki mitupu. Upepo wa kusi ukishika nguvu, Mei, mashua zinarudi na watoto wanarudi. Mwalimu wetu mmoja anajikuta na darasa lililofurika hadi barazani. Atakayetupima kwa rejesta ya Januari ataona kituo kinakufa.

Mtaala unasema PP1 ni ya miaka 4 na PP2, mwaka wa pili, ya miaka 5. Kwetu yuko msichana wa miaka 6 asiyeandikwa popote, kwa kuwa alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga na hana cheti cha kuzaliwa. Huja kila asubuhi. Anashika chaki vizuri kuliko mwanangu, lakini katika hesabu ya wanafunzi hayumo. Kadi yake ya kliniki ipo, na tarehe za chanjo zimo. Naomba kadi hiyo itoshe kumwandikisha huku cheti kikitafutwa. Chini ya Katiba ya 2010, zahanati na chekechea za umma ziko chini ya kaunti; daftari zao zinaweza kusomana.

Nimesikia mara nyingi kwamba watoto wa visiwani hawaji shule kwa sababu wako chuoni, yaani madrasa. Maneno haya yananiuma. Mwanangu husoma chuoni alasiri, asubuhi yuko darasani, na subira ya kukaa mkekani akasikiliza aliipata huko huko chuoni. Mtoto akikosekana, ulizeni kwanza babake yuko dago gani.

Ninachoomba ni hesabu mbili kwa mwaka, Februari na Juni, zenye umri, wavulana na wasichana, na watoto wenye ulemavu. Mtoto wa jirani yangu hasikii. Yeye naye anahitaji safu yake.

Njoo mwenyewe Juni. Nitakupokea gatini Mtangawanda na daftari langu mkononi, lenye majina yao wote.

Mama wa PP1, Pate