Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Isimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mdahalo wa Irabu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, walimu wetu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Chama chetu kilianzia chini ya mwembe. Leo midahalo yetu inajaza ukumbi. Uliopita ulihudhuriwa hata na wenzetu wa sheria, waliokosea mlango lakini wakakaa hadi mwisho.

Mwaka huu tunabishania irabu za Indo-Ulaya asilia, lugha mama ya Kisanskriti, Kigiriki, Kilatini na ndugu zao. Mwaka 1861 mwanaisimu Mjerumani Schleicher alikifuata Kisanskriti mno, akaipa lugha mama hiyo a, i na u tu. Baadaye ikabainika kwamba katika Kisanskriti e ilimezwa na a, ikaacha alama kwenye konsonanti: neno la "na" ni ca, wakati Kilatini wana que. Sisi hatukushangaa. Pika hutoa mpishi, iba hutoa mwizi, kwa kazi ya irabu ya Kibantu cha kale ambayo leo imemezwa na i.

Ugomvi, Mheshimiwa, uko kwenye a. Upande mmoja unasema haikuwepo kabisa: ni e iliyogeuzwa na sauti ya kooni iliyopotea. Mwanaisimu wa Uswisi, Saussure, alikisia sauti za namna hiyo akiwa kijana wa miaka 21. Alifariki 1913, na ni 1927 tu Kuryłowicz, mwanaisimu wa Poland, alipozionyesha katika Kihiti, lugha ya kale ya nchi ambayo leo ni Uturuki, ambako ante ya Kilatini, yaani "mbele ya", ina mwenzake ḫanti, na ḫ hiyo ndiyo sauti ya kooni. Upande wa pili unajibu kwamba zipo a ambazo hazina koo la kulaumiwa.

Lakini upande wa pili hushinda kila mara, na si kwa hoja. Kitabu chetu pekee ni nakala ya kivuli ya kitabu kilichochapishwa kabla Kihiti hakijasomwa, na kurasa za mwisho hazipo. Msemaji akitaja ḫanti, anaulizwa, "Ukurasa wa ngapi?" Anakaa.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunamshukuru sana, alituahidi kabati zima la vitabu. Wa mwaka jana alitujulisha kuwa ahadi ile iko kwenye mchakato. Saussure alisubiriwa karibu miaka 50; sisi tunahitimu Julai.

Tunaomba kamusi moja ya asili ya maneno ya Indo-Ulaya, moja ya Kihiti, na kabati lenye kufuli. Tukikosa kabati, vitabu tutavilaza bwenini kwa zamu.

Daftari la ahadi liko mezani kwako, Mheshimiwa, pamoja na kalamu. Safari hii tumeongeza safu ya tarehe.

Naomba kuwasilisha.