Pesa ya rangi situmi

Mdogo wangu Nantongo,

Salimia Mama na Jjajja. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili: shilingi 40,000 za rangi ya mayai ya Pasaka! Karo nitatuma tarehe 5 kama tulivyokubaliana. Rangi imo kwenye kapu la takataka hapo jikoni.

Najua shangazi yetu Senga ameshakuambia maganda ya vitunguu "yanatoa tope". Tope ni la ile sufuria yake ya aluminiamu: siki huila, na rangi huharibika. Tumia ile ya enameli yenye maua, kama Mama hajamwazima mtu.

Chukua maganda makavu ya nje ya vitunguu 12 hadi 15. Yachemshe kwa lita moja ya maji, moto mdogo, nusu saa. Chuja, acha yapoe, ndipo utie siki vijiko 3 vya chakula. Usizidishe. Ganda la yai ni chokaa, na siki huila, ndiyo yale mapovu. Kidogo husaidia rangi kushika. Ikizidi, ganda huchubuka na rangi hutoka ukipangusa.

Mayai yaoshe kwanza, maana mafuta ya vidole huacha madoa. Yakitoka kwenye friji yaache yapoteze baridi, yasije yakapasuka. Yapange kwenye yale maji ya rangi yasigusane, moto wa polepole. Yakianza kuchemka hesabu dakika 13. Huku Athens 10 zinatosha, lakini Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya digrii 100. Ukitaka yakolee, yakipoa yaache humo humo kwenye friji usiku kucha. Yakikauka kabisa, yapake mafuta kidogo kwa kitambaa. Ukiwahi kabla hayajakauka utabaki na rangi mkononi.

Ukitaka mapambo, bandika jani la dania juu ya yai bichi, livike kipande cha soksi ya nailoni, kaza, chemsha. Jani litaacha alama yake.

Senga akidai buluu, ni kabichi ya zambarau, nusu yake kwa lita moja. Ukitia siki maji yatageuka pinki; msishtuke, yai litatoka buluu, kwa sababu chokaa huirudisha rangi. Lakini liwe yai jeupe. Haya ya kahawia ya kwenye trei yatatoka kijani, na hapo lawama zitakuja kwangu tena.

Wagiriki hupaka siku ya Alhamisi Kuu, hasa nyekundu, kisha usiku wa Pasaka huyagonganisha mayai hayo. Mwaka jana jirani zangu wawili, Wagiriki wenyewe, waliniomba niwapakie ya kwao! Ila kiini cha mayai ya huku, Nantongo, ni cheupe-cheupe. Kile cha kuku wa Mama kilikuwa manjano tupu.

Niambie Senga atasema nini. Na ile enameli, bado ipo?

Dada yako